Jinsi ya Kupima Msongamano wa Watu katika Nyumba za Wafanyakazi za Dublin, Glasgow na London, 1901 hadi 1914

Mtu anayeanza kuchunguza makazi ya wafanyakazi wa mijini mwanzoni mwa karne ya 20 hukimbilia picha: watoto pekupeku waliojipanga kwenye ngazi zilizolika, kamba za nguo zilizokatiza juu ya ua, mama aliyesimama mlangoni akiwa amejitanda shali. Picha hizo zina thamani, lakini ushauri wangu ni kuanza na karatasi za sensa, kwa kuwa mpiga picha alifika mchana na kuwakuta waliokuwapo, ilhali sensa iliuliza ni nani aliyelala chini ya paa lile usiku mmoja unaojulikana kwa tarehe. Anayejua idadi ya waliolala na idadi ya vyumba ana mahali pa kusimama. Asiyejua hubaki akirudia maneno ya huruma ambayo hayawezi kupimwa wala kupingwa.

Nimechagua miji hii mitatu kwa sababu kumbukumbu zake nyingi zimehifadhiwa, na kwa sababu haikutumia kipimo kimoja cha msongamano. Hapo ndipo watafiti wengi huteleza: huchukua tarakimu ya Dublin wakailinganisha na ya London au Glasgow kana kwamba zote zimetoka kwenye mizani moja. Kwa kila tarakimu unayokutana nayo, jua kwanza ilipimwa kwa kanuni gani, kisha irudishe chumbani, kwa watu waliolala, waliopika, waliougua na waliofia humo.

Anza na nyumba moja

Usianze na jiji zima wala mtaa mzima. Chagua nyumba moja, na ikiwa hujawahi kufanya kazi ya aina hii, chagua nyumba ya Dublin, kwa kuwa karatasi za sensa za Ireland za mwaka 1901 na 1911 zimewekwa mtandaoni na Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa ya Ireland na mtu yeyote anaweza kuzisoma bila malipo. Sensa ya 1911 ilihesabu watu waliokuwa nyumbani usiku wa Jumapili tarehe 2 Aprili. Waliokusanya fomu walikuwa polisi, jambo linalofaa kukumbukwa unapojiuliza kwa nini familia fulani haikumtaja mgeni aliyelala kwao.

Kwa kila nyumba utakutana na karatasi za aina mbili ambazo ni lazima zisomwe pamoja. Fomu A ni ya familia: majina, uhusiano na mkuu wa kaya, umri, kazi, dini, uwezo wa kusoma na kuandika. Fomu hii haisemi familia ilikuwa na vyumba vingapi. Habari hiyo imo katika Fomu B1, iliyojazwa na polisi mwenyewe, ambayo inaeleza kuta na paa ni za nini, madirisha ya mbele ni mangapi, familia ngapi zimo, na kila familia inakaa vyumba vingapi ikiwa na watu wangapi. Chukua karatasi yako, chora safu tatu za familia, vyumba na watu, kisha nakili nyumba nzima kabla hujafanya hesabu yoyote. Usinakili familia zilizobanana tu. Ukiruka wale wawili waliokaa vyumba viwili, umekwisha kuharibu wastani wako.

Mfano mzuri wa kujifunzia ni Henrietta Street, mtaa wa majumba yaliyojengwa karne ya 18 kwa ajili ya watu wakubwa, ambayo baadaye yaligawanywa chumba kwa chumba na kupangishwa kwa maskini. Mwaka 1911 watu 835 walihesabiwa katika nyumba 15 za mtaa huo, na nyumba namba 7 peke yake ilikuwa na familia 19 zenye jumla ya watu 104. Hiyo ni wastani wa watu watano na nusu hivi kwa familia, idadi ya kawaida kabisa kwa wakati ule. Familia hazikuwa kubwa kupita kiasi. Kilichokuwa kikubwa mno ni idadi ya familia nyuma ya mlango mmoja wa barabarani, na hilo hulioni mpaka uzihesabu familia na watu katika safu tofauti.

Fomu B1 ina mtego mmoja ambao umewapoteza wengi. Polisi alitoa alama kwa kuta, paa, idadi ya vyumba na madirisha ya mbele, kisha akazijumlisha ili kuipa nyumba daraja. Kuta za matofali, paa la vigae vya mawe, vyumba kumi na kitu na madirisha mengi yalitosha kuipandisha nyumba hadi daraja la juu, hata kama sakafu zake zilikuwa zimeoza na kila chumba kilikuwa na familia yake. Kwa hiyo nyumba ya watu mia moja Dublin yaweza kuwa na daraja zuri kuliko kibanda cha udongo cha watu wawili shambani. Daraja hilo linaeleza jengo lilivyojengwa na halisemi lolote kuhusu maisha ya ndani, kwa hiyo usilitumie kabisa kama kipimo cha hali ya makazi.

Chumba ni nini?

Ukihamia Uingereza na Wales, fomu hubadilika. Tangu 1891 sensa ilikuwa imeuliza idadi ya vyumba kwa kaya zenye vyumba pungufu ya vitano. Mwaka 1911 kila kaya iliulizwa. Maelekezo yalisema jiko lihesabiwe kuwa chumba, lakini kijichumba cha kuoshea vyombo, korido, bafu, stoo, duka, ofisi na ghala visihesabiwe. Kwa familia ya fundi viatu aliyelaza watoto wawili nyuma ya karakana yake, maelekezo hayo yana maana kubwa: mahali walipolala watoto huenda hapakuingia kwenye hesabu. Fomu za 1911 ndizo za kwanza nchini humo kuhifadhiwa katika mwandiko wa wenye kaya wenyewe, kwa hiyo mara nyingine utaona mtu ameandika vyumba vitatu, akakata, akaandika viwili. Nakili yote mawili na ueleze.

Uskoti ilihesabu vyumba vyenye dirisha moja au zaidi, na chumba cha giza hakikuwa chumba. Glasgow ilijaa nyumba za chumba kimoja na nyumba za chumba na jiko, na katika nyumba hizo kitanda mara nyingi kiliingizwa ndani ya nafasi iliyoachwa ukutani jikoni, chenye ukuta pande tatu na pazia mbele. Mtu aliyelala humo alihesabiwa kuwa yumo jikoni, na ndivyo ilivyokuwa. Mwaka 1911 karibu nusu ya watu wote wa Uskoti waliishi katika nyumba za chumba kimoja au viwili. Ukiweka tarakimu hiyo kando ya ile ya Uingereza bila maelezo, msomaji atadhani Waskoti walikuwa maskini mara nyingi zaidi, wakati sehemu ya tofauti hiyo inatokana na namna majengo ya Uskoti yalivyojengwa: ghorofa nyingi za mawe zenye vyumba vichache lakini vikubwa.

Kanuni iliyotumiwa na wakuu wa sensa wa Uingereza kuita kaya iliyosongamana ilikuwa watu zaidi ya wawili kwa chumba. Neno muhimu hapo ni zaidi. Chukulia kaya ya baba, mama, binti wa miaka 16 na mvulana wa miaka 14 katika vyumba viwili: ni wawili kwa chumba kamili, kwa hiyo haimo katika orodha ya waliosongamana, ingawa binti huyo hana mahali pa kubadilishia nguo. Akizaliwa mtoto mchanga, kaya hiyohiyo inakuwa imesongamana usiku ule ule. Ninapoona taarifa ya siku zile ikijivunia kwamba msongamano umepungua katika wilaya fulani, jambo la kwanza ninaloangalia ni kaya ngapi zimekaa palepale kwenye mstari huo wa wawili kamili.

Pima hewa pia

Glasgow ilikuwa na kipimo kingine, cha ujazo. Sheria ya polisi ya jiji hilo ya mwaka 1862 iliruhusu nyumba zenye vyumba visivyozidi vitatu, ambazo ujazo wake haukufika futi 2,000, zipimwe na kubandikwa mlangoni kibati chenye kuonyesha ujazo wa nyumba na idadi ya watu wazima walioruhusiwa kulala humo. Kila mtu mzima alipewa futi za ujazo 300, na watoto wawili walio chini ya miaka 8 walihesabiwa kuwa mtu mzima mmoja. Kipimo hicho kilikuja kubadilishwa, kwa hiyo ukikuta kibati au orodha ya wakaguzi, tazama mwaka kwanza.

Fanya hesabu mwenyewe uone. Chukua chumba chenye urefu wa futi 14, upana wa futi 12 na kimo cha futi 9. Ujazo wake ni futi 1,512. Gawanya kwa 300 na utapata watu wazima watano. Sasa mweke humo baba, mama na watoto sita wote wakiwa chini ya miaka 8: wazazi ni wawili, watoto wanahesabiwa watatu, jumla ni watano, na sheria imetimizwa. Watu wanane katika chumba kimoja, ambao kwa kanuni ya sensa wangekuwa wamevuka kikomo mara nne, kwa kibati cha 1862 wangekuwa halali. Sakafu ya chumba hicho ni karibu mita za mraba 15 na nusu, yaani chini ya mita mbili za mraba kwa kila mmoja, na bado hujaweka kitanda, meza, ndoo ya makaa na jiko lenyewe. Kanuni za nyumba za kupangisha nchini Uingereza zilidai kwa kawaida futi 300 kwa mtu mzima katika chumba cha kulala tu, na futi 400 katika chumba kilichotumika usiku na mchana. Kwa futi 400, chumba chetu kinabeba watu wazima watatu pekee.

Nimekaa kwenye mfano huu kwa makusudi. Kila mara unapoandika kwamba kaya fulani ilisongamana, andika na kipimo, kwa maana familia moja inaweza kuwa mvunja sheria katika jiji moja na raia mwema katika jiji jingine bila kusogeza hata kiti.

Kibati hicho kiliandamana na wakaguzi wa usiku. Walibisha hodi wakati watu wamelala, wakahesabu vichwa, na taarifa zao zinaeleza watu waliokutwa wamejificha chini ya vitanda, kabatini na hata juu ya paa. Soma orodha za wakaguzi ukijua kwamba wanaohesabiwa walikuwa na sababu ya kujificha. Aliyekuwa na hatia mbele ya hakimu alikuwa mpangaji aliyemkaribisha ndugu asiye na pa kulala, au aliyempa mgeni nafasi kwa peni chache ili kodi ya wiki itimie.

Yaliyo nje ya hesabu

Ukishapata watu kwa chumba na ujazo, rudi kwenye jengo na uulize kuhusu maji. Katika nyumba nyingi za kupanga za Dublin maji yalipatikana kwenye bomba moja uani, na vyoo vilikuwa huko huko uani, vikitumiwa na nyumba nzima na wakati mwingine na wapita njia. Tuseme katika nyumba ya watu 104 kila mtu alitumia lita 10 tu kwa siku kwa kunywa, kupika, kunawa na kufua. Hizo ni lita 1,040, yaani zaidi ya ndoo mia moja za kilo kumi zinazopandishwa ngazi kila siku, na maji machafu yakiteremshwa kwa ngazi zilezile, nyingi za ndoo hizo zikiwa mikononi mwa wanawake na watoto. Mkaguzi anapoandika kwamba mama wa ghorofa ya juu ni mchafu, hesabu ndoo zake kwanza. Maneno kama mvivu na mzembe yamejaa katika taarifa za wakati ule, nami nayahesabu kuwa ushahidi juu ya mwandishi kuliko juu ya mwandikwaji.

Angalia pia safu ya uhusiano na mkuu wa kaya. Mgeni wa kulipa hutajwa humo, na kazi yake itakuonyesha mengi: mtu wa zamu ya usiku angeweza kukilalia mchana kitanda kilichoachwa na wa zamu ya mchana, hivyo sensa ya usiku mmoja ikaona nusu tu ya matumizi ya kitanda hicho. Halafu kuna maradhi na msiba. Katika nyumba ya chumba kimoja, mgonjwa wa kifua kikuu alikohoa pale pale watoto walipokula, na maiti ililazwa chumbani humo pamoja na walio hai mpaka siku ya mazishi. Fomu haina safu ya mambo hayo.

Kodi, mishahara na sababu

Msomaji wako atauliza kwa nini watu hawakuhama. Jibu liko katika kodi na katika aina ya kazi. Kwa fedha za wakati ule pauni moja ilikuwa shilingi 20, na shilingi moja peni 12. Kibarua wa Dublin mwenye kazi ya wiki nzima alipata takriban shilingi 18. Akilipa shilingi 3 kwa chumba kimoja, sehemu moja ya sita ya mapato imekwenda. Akichukua vyumba viwili kwa bei hiyohiyo ni theluthi moja, na wiki ambayo meli hazikuja hana kitu. Kibarua wa bandarini alichaguliwa asubuhi kwa asubuhi, kwa hiyo kukaa mbali kulikuwa kupoteza kazi. Nyumba nafuu za pembezoni hazikumsaidia mtu ambaye ni lazima awe getini alfajiri na ambaye nauli ya tramu ingekula mkate wa wanawe.

Ubomoaji nao uliongeza tatizo. London, Halmashauri ya Kaunti ilibomoa vichochoro vya Old Nichol huko Bethnal Green na kujenga mahali pake majengo ya Boundary Street, yaliyofunguliwa rasmi mwaka 1900. Yalikuwa majengo mazuri, lakini wachache mno kati ya waliohamishwa waliweza kuyapanga; wengi walisogea mitaa ya jirani na kuijaza zaidi. Kwa hiyo ukiona msongamano umepanda ghafla katika mtaa kati ya sensa mbili, tafuta nini kilibomolewa karibu nao.

Kwa Dublin una msaada mkubwa wa taarifa ya uchunguzi iliyotolewa mwaka 1914. Tarehe 2 Septemba 1913 nyumba mbili za Church Street ziliporomoka na kuua watu saba, na uchunguzi wa serikali ukafuata. Uligundua familia 25,822 katika nyumba za kupanga za vyumba, na kati ya hizo familia 20,108 ziliishi katika chumba kimoja kimoja, yaani karibu 78 katika kila 100. Uligundua pia kwamba miongoni mwa wamiliki wa nyumba hizo walikuwamo madiwani wa jiji, chombo kilekile kilichopaswa kuzikagua. Soma sehemu hiyo kabla ya kuamini orodha ya nyumba zilizotangazwa na jiji kuwa zinafaa kukaliwa.

Vifo

Sensa ya 1911 iliuliza wanawake walioolewa, Uingereza na Ireland pia, wameolewa miaka mingapi, wamezaa watoto wangapi hai, na wangapi bado wako hai. Safu hizo tatu ndizo ninazoziona kuwa nzito kuliko zote. Nakili kwa kila mama, toa waliobaki katika waliozaliwa, kisha jumlisha kwa nyumba. Mama mwenye watoto tisa waliozaliwa na wanne waliobaki ataonekana katika hesabu ya msongamano kuwa na familia ya watu sita tu. Kaya yake inaonekana ina nafasi kwa sababu watoto watano wamezikwa. Bila safu hizo ungeandika kwamba alikuwa na nafuu kuliko jirani yake mwenye wanane hai.

Kwa London, taarifa za kila mwaka za maafisa afya wa mitaa zinapatikana mtandaoni kupitia maktaba ya Wellcome. Chukua vifo vya watoto wa chini ya mwaka mmoja, gawanya kwa waliozaliwa mwaka uleule, zidisha kwa 1,000, na ulinganishe kata kwa kata. Lakini usikimbilie kusema chumba ndicho kilichoua. Ugonjwa wa baba ulipunguza mapato, na mapato yaliyopungua yaliisukuma familia kutoka vyumba vitatu hadi kimoja, hivyo wagonjwa walikusanyika katika vyumba vidogo hata kabla ya vyumba kuwadhuru. Kiangazi cha joto kali cha 1911 nacho kiliua watoto wengi kwa kuhara. Mwaka mmoja haukutoshi.

Ramani, picha, na kuifuatilia familia

Ramani ya rangi za umaskini ya Charles Booth, mtafiti wa maisha ya maskini wa London, iliyorekebishwa mwaka 1898 na 1899, inapaka kila mtaa wa London rangi, kuanzia nyeusi kwa walio chini kabisa hadi njano kwa matajiri. Inafaa kwa kuchagua mtaa, haifai kwa kuhukumu kaya. Katika ramani za upimaji za kiwango kikubwa tafuta safu za nyumba zilizogawanywa katikati kwa mstari mmoja, kama zile za Leeds na Birmingham: hizo ni nyumba zilizoegemeana mgongo, zisizo na dirisha la nyuma wala hewa ya kupita, ambazo sheria ya mwaka 1909 ilikataza zisijengwe tena. Sasa ndipo urudi kwenye picha, kama zile alizopiga John Cooke mwaka 1913 kwa ajili ya uchunguzi wa Dublin, ukiwa na idadi za nyumba mkononi.

Mwisho, fuatilia familia yako kutoka 1901 hadi 1911. Mara nyingi hutaikuta pale ulipoiacha. Kabla hujasema imehama jiji, tafuta katika mitaa mitano au sita iliyo karibu, kwa tahajia tofauti za jina, na kwa jina la mama, kwani kibarua huenda amekufa na mjane amekuwa mkuu wa kaya. Watu walihama mara kwa mara kwa sababu ya deni la kodi, lakini hawakwenda mbali na kazi. Tafuta pia katika orodha za makao ya kuhifadhia maskini na za hospitali, ambako watu walihesabiwa usiku uleule. Baada ya hapo njia zinatofautiana. Ireland haikufanya sensa mwaka 1921, kwa hiyo itakubidi utumie vizazi, ndoa na vifo. Uingereza na Wales sensa ya 1921 imefunguliwa tangu Januari 2022, ila ile ya 1931 iliteketea kwa moto mwaka 1942, na kwa muongo huo utategemea orodha za wapiga kura.